Kope za Bibi Tereza

Kwa Bibi Tereza Ndahani,
Kitongoji cha Machenje,
S.L.P. 17,
Kongwa.

15 Septemba 1996

Mpendwa Shangazi Evarista,

Shikamoo. Nina jambo ambalo kwa miaka sikumwambia mtu yeyote, si Baba, si padri, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nimeamua nilitangulize kabla moyo haujarudi nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikimng'oa Bibi kope. Haya, limetoka. Sasa naweza kukusalimu kama mtu mwenye adabu.

Hamjambo huko Sumbawanga? Mjomba mgongo wake umeachia? Erick na Aneth wanaendeleaje na shule, na je, Aneth bado anaogopa kulala peke yake? Baba alituambia huko kwenu mwaka huu baridi imekuwa kali mpaka mnakoka moto ndani. Natumaini mmeshauzima.

Sisi huku hatujambo. Upepo wa Kongwa unaujua, umeshaanza, na vumbi linaingia mpaka kwenye ugali. Baba na Mama bado wako Kibaigwa na biashara yao ya mahindi. Walipita hapa Jumapili iliyopita, wazima, wadogo zangu wamenenepa. Mimi niko kidato cha tatu na bado nakaa na Bibi, kwa sababu shule iko karibu na kwake.

Sasa nirudi kwenye lile la mwanzo, maana najua umelisoma ukasimama.

Bibi ana vikope. Ni ule ugonjwa wa macho wa huku kwetu, ukikaa miaka mingi kope zinajikunja kwa ndani na kuchoma jicho. Kila akipepesa ni kama anapepesa juu ya mchanga. Ulipokuja kwenye msiba wa Babu uliona machozi yake ukadhani ni ya msiba. Sote tulidhani hivyo. Watu walipoondoka, machozi yakabaki.

Alinifundisha mwenyewe, nikiwa darasa la sita. Asubuhi kabla ya shule, jua linapoanza kuingia mlangoni, analaza kichwa chake mapajani mwangu. Nachovya vidole kwenye majivu ili kope zisiteleze, nashika kile kibano cha chuma cha Babu, nang'oa moja moja zile zinazogusa jicho. Hakuwahi kusema hata "aah". Badala yake alinihadithia habari zako, jinsi bata mzinga wa misheni alivyokufukuza ukapanda juu ya gari la padri na kukataa kushuka. Tukimaliza ananipangusa majivu kwa kanga yake na kusema, "Mkono wako mwepesi, mke mwenzangu." Ananiita hivyo, eti tulikuwa tukimgombania Babu.

Kope zinaota tena, Shangazi. Na zikiota zinakuwa fupi na ngumu kama za brashi, zinachoma kuliko mwanzo. Kwa hiyo tunaanza upya. Jicho la kushoto lilianza na kitone cheupe, kikatanda pole pole, mpaka jicho likawa kama limemwagiwa maziwa. Kanisani Bibi aliendelea kushika kitabu cha nyimbo, akifungua kurasa kila wenzake walipofungua, na kuimba kwa kichwa. Siku moja alikishika juu chini. Nilikigeuza taratibu kama namsaidia kukibeba, naye akaendelea kuimba.

Utauliza kwa nini sikusema. Sababu ya kwanza ni wewe, unisamehe. Bibi aliniambia, "Evarista akisikia nimepofuka atakuja kunichukua. Atanikalisha Sumbawanga kwenye kochi, nipewe chai na kusalimiwa. Nani atapalilia kaburi la babu yako? Mbuzi wangu atawajua nani?" Aliniapisha. Na mimi unanijua, hata nikitumwa chumvi kwa jirani nasimama mlangoni mpaka mtu atoke mwenyewe. Kunyamaza ndiko ninakokuweza.

Sababu ya pili ni aibu. Hapa watu husema vikope ni ugonjwa wa wachafu, wa wasionawa uso. Bibi anayefagia uwanja kabla kuku hawajashuka, aitwe mchafu! Kwa hiyo kibano kilikaa ndani ya gunia la mbegu, na mimi na yeye tukakaa kimya.

Hata shuleni nilinyamaza. Mwalimu wa Biolojia alitufundisha, kwa Kiingereza, kwamba kope ni walinzi wa jicho, huzuia vumbi lisiingie. Wote tukaandika. Mimi niliandika huku kucha zangu zina majivu ya asubuhi. Nilitaka kuuliza, je, walinzi wakigeuka wakaanza kumchoma mwenye nyumba, inakuwaje? Kwa Kiswahili swali lilikuwa limeshakaa ulimini. Kwa Kiingereza lilikuwa vipande vipande, na darasani kwetu ukikosea wanakucheka mpaka kengele. Nikafunga daftari.

Sasa nikueleze habari za Shirika la Huruma, maana bila wao nisingekuwa na barua hii ya kuandika.

Ni watu wa hapa hapa. Walianza kwenye lile jengo la bati la enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, lililokuwa makao ya popo. Wana watu wa kujitolea, kila mmoja amepewa nyumba zake za kutembelea. Mzee anayeishi peke yake wanamtekea maji, paa lililotoboka wanaliezeka, na mwaka ule mvua ilipotutupa walileta unga wa uji kwa wenye watoto. Na wana huduma ya macho. Nyumba yetu amepewa Mwanne, Mrangi wa Kondoa aliyeolewa hapa, muuza maandazi. Sauti yake hufika kabla yake.

Mara ya kwanza alikuja na kibuyu chenye tundu dogo, akakining'iniza uani. Ukichomoa kijiti maji yanachirizika kidogo tu, kiasi cha kiganja, uso unaosheka na ndoo haiishi. Bibi alikitazama kwa jicho lake moja, akasema, "Watoto wangu nimewaosha nyuso wote mpaka wakaoa na kuolewa. Leo Mrangi ndiye anifundishe kunawa?"

"Mama," Mwanne akamjibu, "Mrangi ananawa mara tano kwa siku na Mungu anamhesabia. Wewe ya kwako leo nani kaiona?"

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, ingawa machozi yake siku hizo hayakuhitaji kichekesho. Tangu siku ile wakawa marafiki wa kutukanana. Lakini kila Mwanne alipouliza, "Mama, hayo macho vipi?" Bibi alisema ni moshi.

Mwezi Julai wakatangaza kwamba mtaalamu wao wa macho, Bwana Fabian, atawakagua wazee kwenye darasa la shule ya msingi, na watakaokutwa na vikope watafanyiwa operesheni pale zahanati bila malipo. Maneno yakaanza. Eti wanakukata kope kabisa, unalala macho wazi kama dagaa. Bibi alisema hendi. Halafu akasikia wenzake wote wa jumuiya wanakwenda, akaona asipokwenda yeye ndiye atakayesemwa. Akaniambia tutakwenda.

Na hapo, Shangazi, ndipo tulipofanya jambo ambalo nikilikumbuka nashindwa nicheke au nijipige kofi. Wewe unajua mgeni akija kwetu tunavyofanya. Tunafagia, tunaficha masufuria meusi, tunatandika kitambaa. Basi asubuhi ile nikamfagia Bibi macho. Nilikaa naye mlangoni muda mrefu kuliko siku zote, nikang'oa kila kope iliyogusa jicho, juu na chini, kulia na kushoto. Nikamwosha uso kwa maji ya kibuyu, nikampaka mafuta. Alivaa kitenge ulichomletea. Alipendeza! Tukaenda kumwonyesha daktari ugonjwa tuliokwisha kuufuta.

Bwana Fabian ni kijana mrefu, mpole, na siku ile foleni ilikuwa imezunguka darasa. Akamulika tochi jicho la kulia, akamulika la kushoto. "Mama, hapa kope hazigusi. La kushoto lina kovu la zamani, hilo sina la kulifanya. Nakupa dawa ya kupaka. Huwa hung'oi kope?"

"Mimi?" Bibi akasema. "Nani wa kuning'oa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kibano kilikuwa mfukoni mwa sweta langu, nimekibana kwa mkono mpaka kikaniacha alama. Bwana Fabian akanitazama kidogo. Nikatazama chini. Akaita mwingine.

Njiani Bibi alitembea kama msichana. "Umeona? Nimefaulu," akasema. Wenzake walioandikiwa operesheni aliwapa pole, mmoja mmoja.

Kope zikaota. Upepo ukaanza. Asubuhi moja akaniita kwa sauti ambayo sikuizoea, akalala mapajani, kanga imeloa. Nikashika ngozi ya juu ya jicho la kulia, lile zima, nikalifunua. Nikakiona. Kitone cheupe, kidogo kama chembe ya unga, mahali pale pale kilipoanzia kwenye la kushoto.

Nikashusha kibano. Bibi akasema, "Ng'oa basi." Nikasema, "Siwezi, Bibi." Akasema, "Umechoka? Ng'oa hii inayonichoma, nyingine baadaye." Nikamshusha kichwa taratibu nikamwekea mto, nikasimama na kibano mkononi. "Priska! Unakwenda wapi na kitu cha watu? Ndicho Kiingereza mnachofundishwa huko, kumwacha mtu na maumivu yake?" Nilimsikia mpaka nilipopita zizi la mbuzi. Nililia njia nzima, lakini sikugeuka.

Zahanati ilikuwa imejaa. Wale wa operesheni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na ndugu zao, na Mwanne yupo, anawagawia uji. Bwana Fabian alikuwa mlangoni anaita majina. Nilikuwa na sare ya shule na vidole vyenye majivu. Nilisimama nikisubiri mtu aniulize, kama kawaida yangu, na hakuna aliyeniuliza. Nikaona mlango unataka kufungwa. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua, "Hazigusi kwa sababu nazing'oa!"

Uji ukasimama hewani. Watu wote waligeuka. Nikanyoosha mkono nikampa kibano. Nikamweleza yote pale pale, Shangazi, mbele ya watu, asubuhi zote, majivu, siku ile ya ukaguzi, na kitone. Sikujua kama nina maneno mengi kiasi kile.

Bwana Fabian akakigeuza kibano mkononi. "Kumbe siku ile sikukagua macho ya bibi yako," akasema. "Nilikagua kazi yako." Halafu akatikisa kichwa. "Na kazi yako ni safi, ndiyo iliyonipoteza. Lakini ningeinama nikatazama vizuri ningeviona vishina. Tumekosa wote wawili. Kitone ni kipya?" Nikamwambia ni kipya. Akasema, "Basi bado tuna jicho. Mlete kabla hatujahamia upande wa Mpwapwa."

Kumleta! Nilirudi na Mwanne, tukamkuta Bibi kwenye kigoda, ametugeuzia mgongo, kanga usoni. Alikuwa ameshajua, sijui nani alimfikishia.

"Siri yangu umekwenda kuigawa zahanati pamoja na uji," akasema. Hakuniita mke mwenzake.

Mwanne ndiye aliyekaa chini kwenye mchanga, mbele yake. "Mama, na mimi ninayekuja hapa kila wiki, ukanidanganya moshi. Ungeniambia."

"Nikuambie wewe uitangaze Kondoa yote?"

"Kondoa wana vikope vyao, vya kwako vya nini?" Bibi hakucheka. Mwanne akashusha sauti, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. "Unaogopa nini, Mama? Kisu?"

Bibi aliikaza kanga usoni. Halafu akasema, "Naogopa kuchukuliwa. Watoto wangu wakisikia nimelazwa, nimefungwa macho, watakuja na gari."

"Nani wa kukulaza? Unakatwa mchana, jioni uko hapa kwako. Ukiwa na bandeji mimi ndiye miguu yako. Maji nitateka, uji nitapika, mbuzi nitawatoa hata wanipige pembe. Ndiyo kazi tuliyoisomea kwenye lile shirika. Lakini Mama, nikuulize. Ukipofuka hili la pili, unadhani huyo Evarista atakuacha hapa? Hapo ndipo atakapokuja na gari, na sitakuwa na la kumwambia."

Kuku wawili walipita katikati yetu. Bibi akaondoa kanga usoni. "Nitakwenda," akasema, "lakini kichwa changu ashike huyu msaliti."

Ndivyo ilivyokuwa. Bwana Fabian alikubali nikae kichwani kwenye kitanda, nimevalishwa kofia ya kitambaa. Alimchoma sindano ya ganzi, akakata ngozi ya kope kidogo na kuishona ili kope zitazame nje tena, jicho moja kisha la pili. Niliona damu na sikuanguka. Katikati ya kazi Bibi akasema, "Wewe kijana, mkono wako mzito. Mjukuu wangu ana mkono mwepesi kuliko wako." Nesi alicheka mpaka akatoka nje. Bwana Fabian akajibu, "Ndiyo, Mama, nimeona kazi yake."

Mwanne alitimiza yote. Alikuja asubuhi na jioni, na siku alizokwenda na maandazi mnadani alimtuma mwenzake wa shirika. Mbuzi mmoja kweli alimpiga pembe. Nilikwenda shule bila kuwaza, mara ya kwanza tangu nianze sekondari.

Bandeji zilipotolewa sikutegemea muujiza, Bwana Fabian alikuwa ameshatuambia. La kushoto litabaki na maziwa yake. La kulia kitone kipo, lakini kimesimama, na hakuna kinacholichoma tena. Bibi alipepesa. Akapepesa tena, akingojea mchanga. Haukuja. Akakaa anapepesa tu, kama mtoto aliyepewa kitu kipya, sisi wote tukimtazama.

Kisha akanigeukia. Nilidhani atalia. Akasema, "Nani amekusuka hivyo? Njia zote zimepinda."

Tangu hapo, Shangazi, hatuna raha! Sufuria zote ni chafu. Dari ina utando wa buibui, nani amekuwa akifagia? Kitenge ulichomletea kumbe ni kijani, alidhani bluu. Jana alinipeleka nje kunionyesha mbuzi mwenye doa sikioni, kama vile mimi sijawahi kumwona. Nasikiliza yote nikiwa nimeshukuru Mungu mpaka naogopa kupumua kwa nguvu.

Asubuhi ndizo zilizonipa shida kidogo. Mikono yangu haikujua ifanye nini. Siku za kwanza nilikaa mlangoni kwa mazoea, jua linaingia, mapaja matupu. Bibi akaniona. Akaja akakaa nyuma yangu kwenye kigoda, akanivuta kichwa mapajani mwake, akaanza kufumua zile njia zilizopinda. Sasa ndivyo tunavyofanya. Za bata mzinga anazirudia zile zile.

Ninachokuomba ni kimoja. Usije kumchukua. Najua ukisoma haya utataka kuja na gari, na una haki, wewe ni binti yake na umefichwa mengi. Lakini hayuko peke yake. Mimi nipo, na Mwanne yupo, na Bwana Fabian huja kumtazama kila akipita. Na kuanzia sasa mimi nitasema. Kitu kikibadilika kwenye jicho lile, wewe utakuwa wa kwanza kujua.

Bibi hajui kwamba nakuandikia. Zamani nisingehitaji kuficha karatasi, ningeandika hata pembeni yake. Sasa naandika nimeiegemeza ndani ya kitabu cha Biolojia, kila nikisikia kitu nageuza ukurasa wa moyo na mishipa.

Nasikia nyayo. Zinatoka jikoni, hazina tena mlio wa fimbo aliyokuwa akitembelea. Nimeshaingiza karatasi kitabuni, kisha nimeitoa tena. Nimechoka kuficha vitu na yule bibi. Naiacha mezani hivi hivi, aingie.

Ameingia. Ameinama, kidole kwenye mstari wa kwanza, anasoma kama walivyowafundisha kwenye kisomo cha watu wazima, silabi kwa silabi. Alipofika kwenye jina lako akasimama. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Na la bata mzinga?"

"Na la bata mzinga."

Akakaa. Akafikiri sana. Halafu akasema nimwachie nafasi chini.

Basi nimalizie. Msalimie Mjomba, Erick na Aneth, na yule mama jirani yenu aliyetutumia maharage. Baba na Mama wanakusalimu kutoka Kibaigwa, na Mwanne naye anakusalimu ingawa hamjuani, anasema maandazi yako anayo. Mungu awalinde huko mliko, awape usingizi mzuri na macho yasiyouma.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na sasa sina cha kukuficha,
Priska Yotham

MIMI TEREZA NAANDIKA MWENYEWE. EVARISTA USILETE GARI LA KUNIBEBA. PANDA BASI UJE NA WATOTO KRISMASI. NJOO NIKUONE.